Mtoto mwenye ualbino: abaki shule ya kijijini au apelekwe shule ya wasioona?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina binti mwenye ualbino, ana miaka 8, anasoma darasa la pili katika shule ya msingi ya kijiji chetu wilayani Sengerema. Mwalimu mkuu ameniita akaniambia nimtafutie nafasi katika shule ya bweni ya wasioona, kwa sababu haoni ubaoni na pale shuleni hakuna mwalimu anayejua nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa ya wasioona. Baba yake anakubali, kwa ajili ya usalama. Mama mkwe anasema akae tu nyumbani. Mimi nataka abaki nasi na asome. Je, nina haki ya kukataa? Na nikidai abaki, nidai nini hasa, bila kugombana na walimu ambao mtoto atabaki mikononi mwao?

Jibu: Marahaba, mama, na pole kwa kuitwa ofisini kusikiliza uamuzi uliokwisha kufanywa bila wewe. Jibu la swali lako la kwanza ni fupi: ndiyo, haki unayo, nayo imeandikwa. Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu katika miaka yangu ya kufundisha na kusimamia elimu maalumu nimewaona wazazi kadhaa walioshinda hoja ya haki, mtoto akabakishwa shuleni, kisha akakaa darasani miaka na miaka bila kusoma hata mstari mmoja wa ubaoni. Sitaki hilo limpate binti yako, na kwa sababu hiyo nitaanza na macho yake kabla ya kufika kwenye sheria.

Binti yako si mtoto asiyeona. Ana uoni hafifu, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo msingi wa kila kitu utakachokidai. Ualbino hauishii kwenye ngozi na nywele. Upungufu wa melanini, yaani rangi asilia ya mwili, huathiri jicho tangu mtoto akiwa tumboni: sehemu ya katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ile inayotuwezesha kuona vitu vidogo vilivyo mbali, haikomai ipasavyo, na mishipa ya fahamu inayotoka jichoni kwenda kwenye ubongo haipangiki kama kwa watu wengine. Ndiyo maana miwani husaidia kwa sehemu tu. Inaweza kurekebisha hitilafu nyingine za jicho, lakini haiwezi kukomaza retina. Ongeza hapo kwamba mwanga mkali humuumiza, kwa kuwa jicho lisilo na rangi ya kutosha haliwezi kuuzuia usiingie kwa wingi, na kwamba macho yake huenda yanachezacheza yenyewe bila yeye kuyaamuru.

Pamoja na yote hayo, mtoto huyo anaona. Anakuona wewe, anaona mlango, anaona kuku uani, na akilileta daftari karibu na uso anaona herufi. Watoto wengi wenye ualbino wanaweza kusoma maandishi ya kawaida yakikuzwa au yakisogezwa, na kusoma kwa karibu hivyo hakuharibu macho hata kidogo, ingawa watu wazima wamezoea kuwakemea wanapofanya hivyo.

Nitakueleza nilichokiona mwenyewe, kwa sababu ndicho kinachonifanya nikuandikie kwa kirefu namna hii. Katika shule moja ya wasioona niliyoitembelea kikazi, nilimkuta mvulana mwenye ualbino ameinama mezani, uso umegusa karatasi ya nukta nundu. Nukta nundu husomwa kwa ncha za vidole. Yeye alikuwa anazisoma kwa macho, akiutafuta mmoja mmoja ule uvimbe mdogo mweupe juu ya karatasi nyeupe, kazi ngumu kuliko kusoma gazeti. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka mitano. Nilichukua kalamu yenye wino mzito mweusi, nikamwandikia jina lake kwa herufi kubwa, naye akalisoma papo hapo, kisha akaniomba niandike jina la mama yake. Hakuna aliyekuwa amemwonea kwa makusudi. Mtu fulani, mahali fulani, aliona ngozi yake akasema huyu ni wa shule ya wasioona, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena anaona nini.

Kwa hiyo mwalimu mkuu anapokuambia hana mwalimu wa nukta nundu, mjibu kwa upole kwamba binti yako hahitaji mwalimu huyo. Kabla ya kumjibu, hata hivyo, uwe na ushahidi. Mpeleke binti yako kwenye kliniki ya macho. Kwa mkoa wenu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iko Mwanza mjini, na hospitali ya wilaya inaweza kukupa barua ya rufaa. Omba apimwe kwa ajili ya miwani, na omba pia maelezo ya maandishi ya kiwango chake cha kuona kwa mbali na kwa karibu. Muulize daktari kuhusu lenzi ya kukuzia maandishi ya kitabuni na darubini ndogo ya jicho moja ya kutazamia ubao. Wakati unasubiri tarehe ya hospitali, fanya kipimo chako nyumbani: andika kwa mkaa ukutani herufi zenye ukubwa wa zile ambazo mwalimu huandika ubaoni, mwambie asogee polepole mpaka azisome, kisha hesabu hatua zilizobaki kati yake na ukuta. Fanya hivyo asubuhi, na tena saa sita jua likiwa kali, uone kama idadi inabadilika. Hesabu hiyo ya hatua itakusaidia ofisini kuliko hotuba yoyote kuhusu haki za binadamu.

Sasa tuje kwenye cha kudai. Dai vitu vinavyoonekana na vinavyowezekana, kwa sababu ombi la jumla kama "naomba mtoto wangu asaidiwe" hujibiwa kwa ahadi ya jumla, na ahadi hiyo huisha siku ile ile.

Cha kwanza ni mahali pa kukaa. Watu husema mbele, lakini mbele peke yake haitoshi. Akae mbele na mwanga wa dirisha ukitokea nyuma yake au ubavuni, usimpige usoni wala kuung'arisha ubao. Ukimwona anageuza kichwa upande mmoja anapotazama kitu kwa makini, usimnyooshe. Watoto ambao macho yao yanachezacheza hugundua wenyewe pembe moja ambayo macho hutulia kidogo, nao hugeuza kichwa ili kuitumia. Mwalimu asiyejua atasema "kaa wima, tazama mbele", na hapo atakuwa amemwondolea mtoto kile kidogo anachokiona, huku akidhani anamfundisha adabu. Mweleze mwalimu wa darasa jambo hili siku ya kwanza kabisa. Pembe hiyo ndiyo iamue akae upande gani wa ubao.

La pili halina gharama yoyote: mwalimu atamke anachokiandika wakati anakiandika. Badala ya kusema "jumlisha hii na hii", aseme "jumlisha 46 na 27". Hili huwasaidia pia watoto wa nyuma katika darasa lenye watoto 100, hali ambayo si ngeni katika kanda yetu ya ziwa, na mwalimu akiliona faida yake kwa darasa zima hatalihesabu kuwa mzigo aliotwishwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Pamoja na hilo, binti yako aruhusiwe kuinuka na kuusogelea ubao wakati wowote bila kuomba ruhusa, na apewe mwenzake wa kumsomea au daftari la mwalimu la kunakili baada ya kipindi. Ubao uliopauka upakwe rangi nyeusi upya. Kazi hiyo kamati ya shule inaiweza, na wazazi wenyewe mnaweza kuifanya Jumamosi moja.

Maandishi ya mazoezi na majaribio yakuzwe. Herufi za kompyuta zenye ukubwa wa pointi 18 hadi 24 huwafaa wengi, lakini kipimo cha hospitali ndicho kitakachoamua. Shule isiyo na mashine ya kuchapa inaweza kumwandikia kwa mkono, kwa kalamu nzito, katika karatasi isiyong'aa. Nyumbani, fundi seremala wa kijijini anaweza kukutengenezea kibao cha kuinamisha kitabu, ili mtoto asipinde mgongo siku nzima akikifuata kitabu mezani.

Jua nalo lina nafasi yake shuleni. Mstarini asubuhi akae kivulini. Kipindi cha michezo kiwe mapema au chini ya mti. Na zamu za kufagia uwanja wakati wa jua kali zibadilishwe kwa kazi nyingine ya ndani, asiachwe bila kazi, maana mtoto anayesamehewa kila kitu huonekana mgeni kwa wenzake. Kofia pana, mikono mirefu na sketi ndefu viruhusiwe hata kama si sehemu ya sare. Losheni ya kuzuia jua, yenye kinga (SPF) ya 30 au zaidi, apakwe kabla ya kutoka nyumbani. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni maalumu kwa ajili ya watu wenye ualbino, na tawi la karibu la Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania linaweza kukuelekeza namna ya kuipata. Saratani ya ngozi huua watu wenye ualbino mapema katika nchi yetu, na kinga yake huanzia utotoni.

Ukishayajua hayo, sheria itakuwa nguzo nyuma yako. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inaitaka nchi ihakikishe elimu jumuishi katika ngazi zote. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Kifungu cha 27 cha sheria hiyo kinampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya elimu, na kinamweka katika shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na kinataka apatiwe huduma saidizi anazozihitaji ili ajifunze. Upo pia Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26, ambao maofisa wa elimu wa halmashauri wanapaswa kuufahamu. Mwalimu mkuu anaweza kukushauri kuhusu shule nyingine, lakini hana mamlaka ya kumwondoa binti yako kwa sababu ya uoni wake.

Lile neno "isipokuwa" linastahili maelezo, kwa sababu watetezi wengine hulipita haraka. Mtoto wako angekuwa kiziwi, jibu langu lingebadilika. Mtoto kiziwi anahitaji kuishi na kusoma kati ya watu wanaotumia lugha ya alama, na kumweka peke yake kati ya watoto 100 wanaosikia, bila mkalimani na bila mwenzake hata mmoja wa kuongea naye, ni kumfungia ndani ya ukimya kwa jina la ujumuishi. Shule maalumu, kama ile ya viziwi ya Tabora iliyoanza miaka ya 1960, au ya wasioona ya Buigiri kule Dodoma iliyoanza mwaka 1950, zimewatoa watu waliolitumikia taifa hili, na siziongelei kwa kubeza. Hoja yangu ni kwamba binti yako hana hitaji ambalo shule hizo ziliundwa kulitimiza.

Mwaka 2016, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilifafanua hali nne ambazo mara nyingi huchanganywa. Ipo hali ya mtoto kunyimwa shule kabisa. Ipo ya kutengewa shule yake na wenye ulemavu kama yeye. Ipo ya kuingizwa katika shule ya kawaida kwa sharti kwamba ajibadilishe alingane nayo. Na ipo ya nne, ambayo shule yenyewe hubadilika ili imfae, na hii pekee ndiyo kamati iliyoiita ujumuishi. Mama mkwe anapendekeza ya kwanza, mwalimu mkuu ya pili, na binti yako hivi sasa anaishi katika ya tatu. Unayoitafuta ni ya nne.

Namna ya kuifikia ni kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Anza na mwalimu wa darasa, si kwa malalamiko, bali kwa kumwomba mkae naye nusu saa, ukiwa na karatasi ya hospitali na ile hesabu yako ya hatua. Mshukuru kwa aliyokwisha kuyafanya, maana bila shaka yapo. Kisha mwandikie mwalimu mkuu barua fupi ya ukurasa mmoja: taja jina la mtoto na darasa lake, sema kwamba ana uoni hafifu na anasoma maandishi ya kawaida yaliyokuzwa, orodhesha mambo matano unayoyaomba, omba mkutane tena baada ya mwezi mmoja kuona yapi yametekelezwa, na mwishoni taja kifungu cha 27 kwa sentensi moja tu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri huzungumza hata mwalimu mkuu akihamishwa, na walimu wakuu huhamishwa.

Yasipotekelezwa, peleka nakala hiyo kwa Afisa Elimu Kata, na baada yake kwa ofisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yenu, ambaye kazi yake ni pamoja na kuwasaidia walimu wasio na mafunzo haya. Muulize pia kama kuna kituo cha upimaji na ubainishaji wa mahitaji maalumu karibu nanyi. Usiende peke yako ukifika huko. Sheria ile ile ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wa kijiji kama ya kwenu imeundwa, na kama haijaundwa, hilo nalo ni la kudai. Mzazi mmoja huonekana msumbufu, lakini wazazi watatu pamoja na mwakilishi wa chama cha watu wenye ulemavu hupewa viti na kusikilizwa.

Sasa niseme na baba yake, kwa heshima, kwa sababu hofu yake si ya kubuni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika nchi yetu, hasa kanda ya ziwa, kwa imani za kishirikina. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi Januari 2015, na bado mwaka 2024 mtoto mdogo aliuawa mkoani Kagera. Watoto wengi walikusanywa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wawe hai, na familia zilizowapeleka huko zilifanya walichoweza wakati huo. Lakini usalama huo ulikuwa na bei: wapo waliokaa miaka bila kutembelewa, wakasahau lugha ya nyumbani, na waliporudi wakawa wageni kwa ndugu zao. Kama kijijini kwenu kuna tishio la kweli, yaani watu wameulizia habari za mtoto au mmeona nyendo za kutiliwa shaka, toeni taarifa polisi na kwa Afisa Ustawi wa Jamii siku hiyo hiyo, na kumhamisha kwa muda kutakuwa sahihi. Kama hakuna, ulinzi wake mkubwa ni kujulikana na kila mtu. Asitembee peke yake. Aende na kurudi na kundi la wenzake. Mjumbe, mwenyekiti na majirani wa njiani wajue saa zake za kupita. Na mwalimu wa zamu awajulishe mara moja asipofika. Hapo ndipo shule ya jirani inapokuwa ngao, kwa kuwa watoto 100 wanaocheza naye wana wazazi wanaomjua kwa jina.

Kwa jina, nasisitiza. Mwombe mwalimu azungumze na darasa kuhusu ualbino ni nini, kwamba mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili na hauambukizi, na akomeshe maneno kama "zeruzeru" na hasa lile la mitaani la "dili", linalomwita mtoto bidhaa. Darasa linalozoea neno hilo linazoea pia mawazo yaliyolizaa.

Mama mkwe mweleze taratibu, na pengine mifano itamgusa kuliko hoja. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, alikuwa mwanasheria na mhadhiri wa chuo kikuu kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015, kisha balozi wetu nchini Ujerumani. Wote wawili waliwahi kuwa watoto wa miaka 8 wasioona vizuri ubaoni.

Jambo moja huwaponyoka wazazi wengi mpaka muda umepita. Binti yako atakapofika kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na baadaye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, Baraza la Mitihani huandaa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na huwaongezea dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hayo hayaji yenyewe. Shule inapaswa kumsajili akiwa na uoni hafifu, na akiandikwa kama watahiniwa wengine atakuta karatasi ya kawaida juu ya dawati. Uliza kuhusu usajili huo mwanzoni mwa mwaka, na uombe kuonyeshwa alivyoandikwa.

Hadi wakati huo, kila mwisho wa wiki fungua daftari lake kabla ya kuuliza amekuwa wa ngapi. Linganisha na la mwenzake anayekaa naye. Ukikuta sentensi zake zinaishia katikati, au hesabu zimenakiliwa kwa tarakimu zisizo sahihi lakini zimekokotolewa vizuri, ujue akili yake inafanya kazi na tatizo bado liko ubaoni. Siku hiyo chukua madaftari yote mawili pamoja na nakala ya ile barua yenye muhuri, urudi kwa mwalimu wa darasa.